Nguva Asiye na Sauti

Mazungumzo ya asubuhi. Somo: Marko 8:34-38

  

Ukutani mwa chumba tunamoandalia mazungumzo haya tumebandika kadi ya posta. Tuliletewa na binti mmoja wa kanisa letu aliyekwenda kusoma Denmark, nchi ya baridi huko kaskazini ya Ulaya. Katika kadi hiyo mna picha ya msichana wa shaba aliyeketi juu ya jiwe kubwa kando ya maji. Kichwa amekiinamisha kidogo. Kinywa amekifumba. Miguu yake inaanza kama miguu ya mtu, nayo inaishia kama mapezi ya samaki. Huyo ni nguva.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa nguva ni nini. Nguva wa kweli ni mnyama mpole wa baharini, anyonyeshaye watoto wake na kula majani ya chini ya maji, na katika pwani ya Kenya amekuwa haba sana siku hizi. Lakini nguva wa hadithi ni mwanamke tangu kiunoni kwenda juu, na samaki tangu kiunoni kwenda chini. Mabaharia wa mataifa mengi wamesimulia habari zake. Na huyu wa kwenye kadi ndiye ajulikanaye kuliko wote duniani.

Sanamu hiyo iko katika jiji la Copenhagen, mahali paitwapo Langelinie, karibu na bandari. Aliyeitoa ni tajiri mmoja, Carl Jacobsen, mwenye kiwanda cha bia. Mwaka 1909 aliutazama mchezo wa dansi jukwaani uliotungwa kwa hadithi ya nguva, akavutwa moyo, akamwagiza mchongaji Edvard Eriksen afanyize sanamu. Inasimuliwa kwamba uso ulifuata mfano wa mchezaji wa dansi hiyo, Ellen Price. Naye alipokataa kukaa bila nguo mbele ya mchongaji, mke wa mchongaji mwenyewe, Eline, ndiye aliyekuwa mfano wa mwili. Sanamu ikawekwa mahali pake tarehe 23 Agosti 1913, na tangu siku hiyo imekuwa alama ya jiji lile. Mtu akitaja Copenhagen, watu hukumbuka nguva.

Watalii huja makundi kwa makundi. Meli zao hutia nanga hapo hapo Langelinie, na mabasi huwateremsha kandokando ya maji. Binti yetu alituambia kwamba siku ya kwanza alipofika pale, alimsikia mgeni mmoja akiuliza kwa mshangao, “Ni haka tu?” Maana sanamu yenyewe ni ndogo. Kimo chake ni sentimeta 125, kama mtoto wa darasa la pili au la tatu. Uzito wake ni kilo 175, pungufu kidogo ya magunia mawili ya mahindi. Watu wamesafiri mbali, wametumia fedha nyingi, nao wanakuta kitu ambacho wanaume wachache wangeweza kukibeba. Basi hupiga picha, hununua kadi, hupanda basi tena, huenda zao. Imekwisha.

Nasi tulipoitazama kadi ile, tulitaka kujua: msichana huyu ameketi pale akingoja nini? Tuliitafuta hadithi yake tukaisoma, na baada ya kuisoma hatukuweza tena kuitazama picha ile kama zamani.

Hadithi hiyo iliandikwa na Hans Christian Andersen, Mdenmark, mwana wa fundi viatu maskini na mama aliyefua nguo za watu. Ilichapwa mwaka 1837. Wengi hudhani ni hadithi ya mapenzi, ya msichana aliyempenda mwana wa mfalme. Hayo yamo kweli. Lakini ndani yake mna jambo lingine, zito zaidi.

Nguva huyu mdogo alimwuliza bibi yake habari za wanadamu wakaao nchi kavu. Bibi akamweleza kwamba nguva huishi miaka 300, na wakifa hugeuka kuwa povu juu ya bahari, hata kaburi hawana. Lakini mwanadamu, ingawa maisha yake ni mafupi, anayo roho isiyokufa, ambayo mwili ukiisha kuzikwa hupanda juu. Msichana aliposikia hayo alihuzunika. Alisema moyoni kwamba angetoa miaka yake yote 300 ili awe mwanadamu kwa siku moja tu, apate naye roho kama hiyo.

Wapendwa, hebu tusimame hapo kidogo. Kiumbe wa hadithi, ambaye hakupata kuwako, anatamani kile tulicho nacho sisi. Anakihesabu kuwa na thamani kupita miaka 300. Nasi tulio nacho, je, tunakihesabu kuwa kitu gani?

Bibi alimwambia ya kuwa ipo njia moja tu. Mwanadamu akimpenda kuliko baba na mama yake, akamwoa mbele ya kasisi, ndipo naye atashiriki roho ya mumewe. Basi nguva akaenda kwa mchawi wa baharini. Mchawi alikubali kumpa dawa ya kuugeuza mkia wake uwe miguu, ila kwa bei. Kila hatua atakayokwenda itakuwa kama kukanyaga visu vikali. Tena atatoa kitu kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo, yaani sauti yake, maana hakuna aliyeimba kama yeye, baharini wala nchi kavu. Akakubali. Mchawi akamkata ulimi.

Akafika nyumbani kwa mwana wa mfalme. Akapendwa kama mtu apendavyo mtoto. Akacheza dansi, na wote wakamsifu, wala hapana aliyejua maumivu ya miguu yake. Na tazameni jambo hili: nguva huyu ndiye aliyemwokoa mwana wa mfalme siku chombo chake kilipovunjika katika dhoruba. Lakini mwana wa mfalme alidhani kwamba msichana mwingine ndiye aliyemwokoa. Neno moja tu lingetosha kumwambia kweli. Naye hakuwa na sauti ya kulisema. Mwana wa mfalme akamwoa yule mwingine.

Hapa ndipo sisi wenyewe tuliposhikwa. Tutawaambia kwa nini, na mhusika ametupa ruhusa tuyaseme haya bila jina lake wala la mji wake.

Si siku nyingi zilizopita alikuja nyumbani kwetu kijana mmoja, jioni, baada ya watu kulala. Ni kijana wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya. Tulikuwa tumeona kwamba haji tena mazoezini, tukadhani ni kwa sababu ya kazi nyingi. Alikunywa chai yake kimya. Kisha akasema, “Baba, mama, mimi nikijaribu kuimba sauti haitoki.”

Kidogo kidogo alitueleza. Aliajiriwa katika ghala linalonunua mahindi ya wakulima. Kazi yake ilikuwa kuandika katika daftari uzito wa kila gunia. Baada ya mwezi mmoja aligundua ya kuwa mizani imechezewa. Kila gunia la mkulima lilipotea kilo kadhaa kabla halijaandikwa. Akamwendea mwenye ghala kwa heshima, akamweleza. Akajibiwa, “Wewe kazi yako ni kuandika, si kusema.” Akarudi kwenye kiti chake. Akaandika. Mshahara ule ndio uliolipa karo ya wadogo zake wawili, maana baba yao amekwisha kufariki. Wakulima waliokuja walikuwa majirani wa mama yake. Alisema kwamba kila mmoja alipomwambia “asante, mwanangu” akipokea fedha, ilikuwa kama kuchomwa na kisu.

Miguu ameipata mjini, lakini sauti ameitoa.

Tulitaka kumjibu upesi, kama ilivyo desturi yetu sisi wahubiri. Kisha tukakumbuka jambo, na maneno yakatukauka. Mwenye ghala hilo ndiye aliyetupa mabati ya kuezekea jengo letu la shule ya Jumapili. Wakulima walikuwa wamenung'unika mbele yetu habari za mizani, mara moja, mara mbili. Tukasema, “Hayo ni mambo ya soko.” Na siku ya harambee tulisimama tukampigia makofi. Kijana alitoa sauti yake kwa karo ya ndugu zake. Sisi tulitoa yetu kwa mabati.

Ndugu msikilizaji, shetani hanunui nafsi ya mtu sokoni mchana, kwa bei iliyotangazwa. Huanza kwa sauti. Hukuomba unyamaze leo tu, kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya watoto, hata kwa ajili ya jengo la kanisa. Nawe hupata kitu kwelikweli, miguu unapata. Watu wanakusifu jinsi unavyotembea. Wewe peke yako wajua visu ulivyovikanyaga. Na siku inakuja ambayo neno moja la kweli lingemwokoa mwenzako, nawe unafungua kinywa, hamna kitu.

Bwana Yesu aliuliza swali katika somo letu la leo. Aliuliza faida ya mtu ni nini akiupata ulimwengu wote na huku ameipoteza nafsi yake. Sisi mara nyingi twadhani swali hilo ni la matajiri. Lakini ni nani kati yetu aliyepewa ulimwengu wote? Sisi twauza kwa bei ndogo zaidi: kilo mbili za mahindi, mabati ya kuezekea. Nguva wa hadithi alitoa sauti yake ili apate roho. Sisi tumepewa roho bure na Muumba wetu, nasi twaitoa kwa vitu vinavyoshika kutu.

Lakini hatutaki kuishia hapo, maana Habari Njema haiishii hapo. Turudi kwenye sanamu.

Katika miaka yake mingi kando ya maji, nguva yule wa shaba ameteswa sana. Mwaka 1964 watu walikuja usiku wakakikata kichwa chake kwa msumeno, wakaenda nacho. Hakikuonekana tena mpaka leo. Mwaka 1984 alikatwa mkono. Mwaka 1998 akakatwa kichwa mara ya pili. Mwaka 2003 aling'olewa kutoka kwenye jiwe lake kwa baruti, akakutwa majini. Na zaidi ya mara moja amemwagiwa rangi.

Na kila mara watu wa jiji lile wamefanya nini? Wamemtengeneza. Kichwa kilichopotea walifanyiza kipya. Alipoanguka majini walimtoa, wakamrudisha juu ya jiwe. Hawakusema, “Hiki sasa ni chuma chakavu, kiuzwe.” Mwaka 2010 walimpeleka Shanghai, China, kwenye maonyesho makubwa ya mataifa, na mwezi wa Novemba akarudishwa kwao. Kwa nini wanajisumbua hivyo kwa sanamu ndogo ambayo wageni huiona na kuuliza, “Ni haka tu?” Kwa sababu ni yao, nao wanaipenda.

Kama wanadamu hufanya hivyo kwa ajili ya shaba, je, Mungu atafanyaje kwa ajili yako, wewe uliyeumbwa kwa mfano wake? Umekatwa, umechafuliwa, umeanguka majini. Yeye hakuhesabu kuwa chuma chakavu. Paulo aliwaandikia Wakolosai, sura ya 3, kwamba utu mpya hufanywa upya upate kufanana na yeye aliyeuumba. Tengenezo hilo si la fundi wa shaba. Lilimgharimu Mwana wa Mungu damu yake msalabani.

Na hapa ndipo tunapoachana na hadithi ya Andersen, ingawa ni nzuri. Mwisho wake, nguva alipewa kisu. Dada zake walimletea, wakamwambia amwue mwana wa mfalme ili yeye apate kurudi baharini na kuishi. Akamtazama alivyolala, akakitupa kisu majini, akajitupa na yeye. Hakuwa povu tu. Akachukuliwa na mabinti wa hewani, wakamwambia ya kuwa akitenda mema kwa miaka 300 atajipatia roho isiyokufa. Miaka 300 ya kazi! Na ni nani kati yetu awezaye hata siku 300?

Neno la Mungu halituambii hivyo. Waefeso, sura ya 2, yatufundisha kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, asije mtu akajivuna. Matendo mema yanafuata nyuma, kama vile mtoto aliyekwisha kupendwa amtumikiavyo baba yake kwa furaha. Usimwambie Mungu, “Ningojee kwanza nilipe.” Njoo kama ulivyo, hata kama ulimi wako umekatwa.

Lakini neema hii haimwachi mtu alivyo. Mwaka ule wa 1984, mkono wa nguva ulipokatwa, haukupotea kama kile kichwa cha kwanza. Siku mbili baadaye vijana wawili walikuja wenyewe, wameubeba, wakaurudisha. Tunawafikiri vijana hao. Njia waliyokuja nayo ilikuwa ndefu kuliko njia waliyokwenda nayo usiku. Zakayo naye alikwenda njia hiyo, wokovu ulipoingia nyumbani mwake. Alitaka kurudisha mara nne alichokuwa amenyang'anya.

Yule kijana wetu aliomba pamoja nasi usiku ule. Kulipokucha alikwenda akamwambia mwenye ghala kwamba ataandika uzito wa kweli au ataacha kazi. Jumamosi hiyo aliacha. Sasa anafanya kibarua cha kuchonga mawe, na mshahara wake ni mdogo. Hatutawadanganya kwamba mambo yamekuwa mepesi. Karo ya wadogo zake haijatimia. Akina mama wa kanisa wameanza kuchanga kidogo kidogo.

Na sisi? Wawili wetu tulikwenda kuzungumza na mwenye ghala peke yake, kama Bwana alivyotuagiza katika Mathayo 18. Tulianza kwa kuungama kosa letu kwake, kwamba tulipokea zawadi yake huku tukinyamaza juu ya mizani yake. Hakutufukuza. Hakukubali pia. Alisema atafikiri. Mabati bado yamelazwa chini ya turubai nyuma ya kanisa, wala hatujapiga msumari hata mmoja. Wazee wa kanisa wameketi mara mbili juu ya jambo hili, nao wataketi tena Jumanne. Wako wasemao turudishe, wako wasemao watoto wananyeshewa. Tuombeeni.

Ila jambo moja tuliliona Jumapili iliyopita. Kijana yule alisimama tena katika mstari wa sauti ya tatu. Mikono yake ilikuwa na malengelenge, na sauti ilikuwa imekwaruza kidogo kwa vumbi la mawe. Lakini ilitoka.

Ndugu, labda hutafika Copenhagen. Haidhuru. Ukikutana siku moja na picha ya msichana yule aliyeketi juu ya jiwe, amefumba kinywa, jiulize: Nimetoa nini ili nipate miguu niliyo nayo? Na ni neno gani la kweli ambalo mtu ananingoja nilitamke? Kisha mwendee Yesu. Yeye aliwafungua mabubu ndimi zao, naye hajabadilika.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, tumenyamaza mahali petu pa kusema. Tumeuza kwa bei ndogo kile ulichotupa bure. Utusamehe kwa ajili ya Mwanao. Uturudishie sauti, utupe na ujasiri wa kurudisha tulichotwaa. Uwakumbuke leo wote wanaokwenda kazini kama watu wakanyagao visu, uwafungulie mlango. Uwape watoto wao chakula na karo. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mbaki na amani mpaka tutakapokutana tena.